Mwamba wa Pua ya Mzee Khisa

Kakangu Makokha alinivunja pua mchana kweupe, siku ya kupimwa kwa shamba la baba yetu, mbele ya watu wa kutosha kujaza kanisa. Naanza hapo kwa sababu wengi waliokuwepo wangependa nianze kwingine. Wangependa nianze Kitale, kwenye meza ya daktari, ili hadithi hii iwe ya mwanamke wa makamo aliyeshikwa na tamaa ya urembo. Mimi naanza shambani.

Jina langu ni Nangila. Nyumbani ni Kabuchai, lakini kwa miaka mingi nimeishi Kiminini, ambako nina duka la mbegu za mahindi, mbolea na dawa za mifugo. Baba yetu, Mzee Khisa, alikuwa mtu mrefu mwenye pua ya aina yake: ndefu, na mwamba wake umeinuka kidogo pale katikati, chini tu ya macho. Kati ya watoto wake ni mimi peke yangu niliyeirithi. Nilipokuwa msichana niliichukia. Nilipokuwa mtu mzima niliizoea. Baba alipofariki nikaanza kuipenda, maana wazee walikuwa wakiniona sokoni wanasema, "Huyu ni wa Khisa," bila kuuliza jina langu wala kwetu.

Baba alikuwa amesema wazi kwamba kipande cha shamba kilicho karibu na kijito ni changu. Alilisema jambo hilo mbele ya mama yetu Phelista, mbele ya mdogo wake, baba Hiram, na mbele ya Makokha mwenyewe. Baba akiwa hai, Makokha hakutoa neno. Alingoja baba azikwe, akangoja tena nyasi ziote kaburini, halafu siku mpimaji alipokuja kutoka mjini Bungoma ndipo akapata sauti.

"Hiyo kigingi ni ya nani?" aliuliza, ingawa alijua vizuri.

"Ni ya sehemu ya dada yako," mama akamjibu.

"Msichana anaolewa, mama. Ati sasa ataolewa pamoja na shamba?"

"Makokha," nikamwambia, "baba alisema. Na hata kama hangesema, sheria inasema."

Alikishika kile kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa mpaka kikang'oka. Nilidhani atakitupa kwenye miwa. Sikuona kikija. Nilisikia tu mlio mkavu ndani ya kichwa changu mwenyewe, kisha mdomo ukajaa damu, nikapiga magoti.

Kupigwa peke yake ningeweza kukueleza bila kutetemeka. Kinachonitetemesha hadi leo ni kilichofuata. Baba Hiram alikimbia akashika mkono, na mkono alioushika si wa Makokha. Ulikuwa wangu.

"Nyamaza, Nangila," alisema. "Watu wanaangalia."

Watu wanaangalia! Kana kwamba aibu ilikuwa ile sauti yangu. Mpimaji aliinamia chombo chake akakigeuza huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu ndani yake. Pasta Wabwile, aliyekuwa ameitwa kufungua shughuli kwa maombi, alisema tuombee amani. Nakhungu, mke wa Makokha, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, hatua chache kutoka pale, na mwiko mkononi. Macho yetu yalikutana. Akayateremsha.

Hospitalini, baba Hiram ndiye aliyezungumza. Mimi nilikuwa na pamba puani na kitambaa mdomoni.

"Amejikwaa, daktari. Ameangukia kigingi. Hawa wanawake na viatu zao."

Nilikuwa nimevaa gambuti, buti za mpira za shambani.

Njiani kurudi nilijaribu kumwambia kwamba nataka kwenda polisi. Aliniwekea mkono begani, kwa upole kabisa, na upole ule uliniuma kuliko kigingi. "Haya mambo ya nyumbani tutalekebisha nyumbani," akasema. Tangu siku ile hajarekebisha kitu.

Uvimbe uliposhuka, pua ilikuwa imelala upande wa kushoto. Tundu moja liliziba kabisa. Nililala mdomo wazi, nikaamka koo limekauka kama nimekunywa vumbi. Mimi nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu pale Kabuchai. Kila Jumapili nilitoka Kiminini asubuhi kwenda kuimba. Sasa nilianza mstari, pumzi ikaisha kabla ya maneno. Dukani, wateja walinitazama usoni, wakanionea huruma ya aina moja tu.

"Ni bwana?" wanawake waliniuliza kwa sauti ya chini.

"Sina bwana," nilijibu.

"Basi ni nani?"

Nilisema nilianguka. Naam, hata mimi niliusema ule uongo wa baba Hiram, maana mama alikuwa bado anaishi boma moja na Makokha, na niliogopa hasira zake zitamrudia yeye.

Baadaye nilienda kwa daktari mmoja mjini Bungoma, jina lake Gichuki, ambaye watu walisema hutengeneza pua. Alikuwa na chumba kizuri chenye viti vya ngozi. Alinipiga picha kwa simu, akaichezea picha kwa kidole, kisha akanigeuzia nione. Mle ndani ya simu kulikuwa na uso wangu ukiwa na pua ya mtu mwingine. Nyembamba, imenyooka kama rula, ncha yake imechongwa.

"Unaonaje, madam?" akasema kwa furaha. "Tukiingia huko ndani, tunakwangua hii nundu yote mara moja. Utatoka hapa ukiwa msichana."

"Mimi sikuja kuwa msichana," nikamwambia. "Nimekuja niweze kupumua, na pua irudi katikati. Hiyo unaita nundu si ugonjwa. Nilizaliwa nayo."

Akacheka. "Wateja wangu wote wanataka itolewe. Wewe ndiyo wa kwanza kuitetea."

"Unaweza kuninyooshea bila kuikwangua?"

"Kwa nini nikuachie kitu kibaya na niko na dawa yake?"

Nilisimama nikachukua mkoba wangu. Mtu mmoja alikuwa ameivunja kwa kigingi, na huyu sasa alitaka kuimaliza kwa tupa, tena akisubiri nimshukuru. Nilifika barabarani, nikatembea hadi Kanduyi kwa miguu kabla ya kukumbuka kwamba nilikuwa nimepanga kupanda gari.

Aliyenisaidia ni Chepngeno, mkulima wa viazi kutoka miteremko ya Mlima Elgon, ambaye hununua mbolea kwangu. Yeye hakunong'ona. Aliegemea kaunta akasema, "Nangila, hiyo pua imepigwa na mtu. Na si lazima ukae nayo hivyo. Kuna daktari mwanamke Kitale, alitengeneza kijana wetu alipigwa teke na punda. Twende nikupeleke."

Daktari huyo aliitwa Cheptoo. Chumba chake kilikuwa kidogo na dirisha lake lilitazama nyuma ya stoo ya mahindi. Hakunionyesha picha za mtu yeyote. Aliniomba picha yangu ya zamani, nikampa moja niliyopigwa pamoja na baba siku ya harusi ya binamu yetu, tumesimama bega kwa bega. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akanishika pua kwa vidole viwili, polepole, akamulika ndani kwa tochi.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

Niliufungua mdomo niseme nilianguka.

"Mama, mtu akianguka huangukia mbele," akaniambia kabla sijasema. "Hii imetoka upande. Imetoka kulia, na kwa nguvu."

Ajabu ni kwamba katika hospitali ile ya kwanza, kanisani, nyumbani na katika boma zima, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Hawakuuliza kwa sababu walijua. Nikasema, "Ni kakangu," halafu nikalia kilio kibaya, cha mdomo, maana puani hakikuweza kupita.

Aliningoja. Nilipotulia akanieleza kazi yake. "Kuna njia ya zamani, daktari anafungua mwamba, anakwangua juu, halafu anajenga upya. Kwako sitaki. Mwamba wako wenyewe ni mzima, shida ni kwamba wote umehama na ukuta wa katikati, huo unagawanya matundu, umepinda. Nitapitia ndani. Nitanyoosha huo ukuta, nitakata mfupa huku chini pande zote mbili, halafu nitausogeza mwamba wote kwa pamoja urudi mahali pake. Ni kama nyumba imeinama: unainyanyua na paa lake. Hubomoi paa."

"Na huu mwinuko?"

"Unautaka?"

"Nautaka."

"Basi utabaki. Lakini nisikudanganye. Inaweza kubaki imeinama kidogo sana, na uvimbe utachukua muda mrefu kuisha, hata mwaka. Na kitu kingine. Nitaandika kile nimeona. Siku utaamua kwenda polisi, mimi nitasema mahali pigo lilitoka."

Upasuaji ulifanyika wakati mashamba ya Trans-Nzoia yalikuwa yamevunwa. Nilipoamka kutoka kwenye dawa ya usingizi uso wote ulikuwa mzito, macho yamevimba, na juu ya pua nimewekewa kifuniko kigumu. Chepngeno alikuwa ameketi kando ya kitanda akimenya ndizi. "Unafanana na mtu ameibia nyuki," akasema, na nikakatazwa kucheka.

Kifuniko kilipotolewa, daktari alinipa kioo. Rangi za kila aina zilikuwa bado chini ya macho, na pua yenyewe ilikuwa nene. Lakini ilikuwa katikati. Nikapitisha kidole juu yake taratibu, kuanzia kati ya nyusi kushuka, nikaufikia ule mwinuko. Ulikuwepo. Nikafunga mdomo, nikavuta pumzi, na hewa ikaingia pande zote mbili, baridi, na harufu ya spiriti na ya mahindi kutoka stoo ya nyuma. Nilibaki nimekaa pale navuta hewa kama mtu anayekunywa maji.

Ningefurahi kusema kwamba mambo yaliishia hapo.

Miezi ilipita, uvimbe ukapungua, nikaenda nyumbani Kabuchai kwa ibada ya kumkumbuka baba. Habari zilikuwa zimenitangulia. Nilipoingia uani, wanawake wa kwaya, wale niliosimama nao kila Jumapili, walinitazama pua kisha wakatazamana. Hakuna aliyesema, "Umepona." Mmoja alisema, ili nisikie, "Kumbe duka inalipa mpaka watu wananunua sura."

Baada ya ibada tukaketi kwa chakula. Makokha aliketi kwenye meza ya wazee, sahani yake imejaa nyama. Pasta Wabwile alisimama akasema ana neno kwa familia, na neno hilo lilikuwa mimi.

"Dada yetu Nangila," alianza, "kazi ya Mungu hairekebishwi. Kanisa limeumia. Wazee wamekaa, na tumeonelea apumzike kwa kwaya mpaka atubu."

Baba Hiram akadakia hata kabla pasta hajaketi. "Mimi kama baba yake nimeumia zaidi. Ile sula ilikuwa ya ndugu yangu. Ndugu yangu alikuacha na sula yake, wewe ukaenda kuitupa Kitale!"

Watu waliitikia. Waliitikia kweli, kwa kichwa na kwa "mmh" ya kifuani. Na Makokha, aliyekuwa anavunja mfupa kwa meno, alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyekosewa.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga.

"Baba Hiram," nikasema, "nitazame. Usiangalie sahani, niangalie mimi. Huu hapa mwamba wa pua ya ndugu yako. Njoo uuguse. Daktari wa Bungoma alitaka kuukwangua, nikakataa. Yule wa Kitale ameurudisha jinsi ulivyokuwa. Aliyeutupa ni nani? Si ni huyu unayemwekea nyama?"

"Nangila, hii ni ukumbusho..." baba Hiram akasema.

"Najua ni ukumbusho. Na mimi nakumbuka! Pasta, siku ile ulikuwa umesimama pale, kwenye ule mpera. Ulimwona mwanamume mzima akimpiga dada yake na kigingi. Hiyo ilikuwa kazi ya nani, ya Mungu? Mbona hukumwambia apumzike? Kesho yake Jumapili alikusanya sadaka, na wewe ukampokea. Pua ikivunjwa ni mambo ya nyumbani. Ikitengenezwa, ghafla ni mambo ya kanisa!"

"Dada, hasira..." pasta akaanza.

"Nina hasira, ndiyo. Nilikaa na pua imelala shavuni mwaka mzima na hakuna hata mmoja wenu aliyeumia. Mlianza kuumia nilipopona."

Makokha akatupa mfupa. "Huyu ameleta kiburi ya Kitale hapa. Mama, mwambie akae chini."

Mama yangu Phelista ni mtu wa maneno machache, na miguu yake inamsumbua. Aliinuka kwa kushika meza. "Mimi pia niliona," alisema. "Nilizaa nyinyi wote wawili, na nilinyamaza. Sinyamazi tena." Kisha akaniambia nimletee leso yake, akaja nami Kiminini jioni ileile.

Jumatatu nilienda kituo cha polisi. Askari wa kwanza alisikiliza nusu. "Ni ndugu yako, mama. Si mzungumze tu? Kesi za ndugu hazina mwisho." Nikamwambia sikuja kuuliza urefu wa kesi. Nilikaa kwenye benchi mpaka mwenzake, askari mwanamke aliyeitwa Nyambu, akaniita na kuandika yote. Daktari Cheptoo akathibitisha alichokuwa ameona. Lakini Nyambu aliniambia ukweli: "Mama yako ni mzee, wakili atasema alikuwa mbali na macho yake si mazuri. Tafuta mwingine aliyekuwa karibu."

Nilitafuta. Mpimaji alisema alikuwa anaangalia chombo. Vijana waliobeba vigingi walisema walikuwa wameinama. Pasta alisema alikuwa amefumba macho katika maombi, ingawa maombi yalikuwa yameisha kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa. Umati mzima wa watu, na pua yangu ilikuwa imejivunja yenyewe.

Basi siku moja nikiwa napanga magunia, mwanamke akaingia dukani na kusimama bila kuomba kitu. Alikuwa Nakhungu, mke wa Makokha. Alikuwa amefunga kitambaa mpaka karibu na jicho, ingawa jua lilikuwa kali.

"Karibu, mulamwa," nikasema, kama tunavyoitana mawifi kwetu. Sikuwa na uchangamfu. Nilikuwa nakumbuka yale macho yaliyoteremka.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Niliona vile aliing'oa hiyo kigingi, niliona vile aliinua. Niliona yote." Akakisogeza kitambaa. Chini ya jicho palikuwa pameiva, na palikuwa pabichi, pa siku zile zile. "Nilinyamaza nikifikiri akikupiga wewe atakuwa amemaliza. Hakumaliza. Nipeleke kwa huyo askari."

"Ukisema, hutaweza kurudi kwake."

"Sasa nirudi niende kufanya nini?"

Nilifunga duka saa ileile.

Kesi ilisikizwa Bungoma, ikaahirishwa, ikasikizwa tena. Wakili wa Makokha alimuuliza daktari kama si kweli kwamba mimi nilitaka tu urembo nikatafuta wa kusingizia. Daktari Cheptoo akamjibu kwamba aliyetaka urembo asingeomba mwinuko wake uachwe, na akaonyesha kwa kidole kwenye pua yake mwenyewe upande pigo lilikotoka. Kisha Nakhungu akapanda kizimbani. Sauti yake ilikuwa ndogo hadi hakimu akamwomba arudie, naye akarudia, na kila aliporudia iliongezeka. Baba Hiram alikuwa ameketi nyuma. Nilipogeuka kumtazama alikuwa anakagua kofia yake.

Makokha alipatikana na hatia. Hakufungwa, alipewa adhabu ya kufanya kazi za umma, akawa anafyeka nyasi za ofisi za serikali huku watu wanaomfahamu wanapita. Wengi waliniambia niridhike. Sikuridhika. Mtu angevunja dirisha la ofisi ile angeenda ndani, naye aliyevunja uso wa dada yake alipewa fyekeo. Ila mpimaji aliitwa tena, kigingi changu kikarudishwa pale karibu na kijito, na safari hii askari wawili walisimama pembeni, na hakuna aliyekigusa.

Pasta alimtuma mtu aseme kwamba kanisa limenisamehe. Nilimuuliza yule mjumbe nimesamehewa nini hasa, akasema hakuelezwa. Nikamwambia akaulize kwanza. Hajarudi.

Nakhungu anaishi na mimi na mama. Ananisaidia dukani, na amejua kupima dawa za kupe kunizidi, maana mimi sina subira. Wiki iliyopita Makokha alikuja. Alisimama nje, kando ya ubao wa bei, akaita kama mtu anayeita ng'ombe.

"Nakhungu! Chukua vitu zako twende nyumbani. Mambo imeisha."

Nilitoka nyuma ya magunia nikiwa tayari, damu imenipanda, maneno yamenijaa kinywani. Nakhungu akaninyooshea kiganja nisubiri. Alimalizia kumfungia mteja mbegu zake, akamrudishia chenji, akamwambia asante. Kisha akageukia mlango.

"Mimi niko kazini," akamwambia mumewe. "Kama hununui kitu, toka kwa mlango, unazibia watu njia."

Makokha alinitazama mimi, akitarajia labda nimkemee mke wake. Nyuma yake mzee mmoja wa Kiminini, aliyekuja kununua mbolea, akamgusa begani.

"Bana, si umesikia? Sogea."

Akasogea.